Kompyuta Iliyozimika Siku ya Ubatizo

Kambi ya Wafanyakazi, Panda,
Likasi.
Tarehe 14 Oktoba 2024

Mpendwa mwanangu Osée,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo huko Liège na baridi yenu? Mgongo wa Sephora umepona? Na mjukuu wangu, mwenye jina langu, ananyonya vizuri? Mimi mzima, ila goti la kushoto hulalamika mvua ikikaribia, na mwaka huu mvua inakaribia tu, hainyeshi.

Rolly anarudi huko Alhamisi. Nimemwomba abebe barua hii, maana kuna jambo nimeshindwa kukuambia kwenye simu. Jumapili ile ya ubatizo nilisema umeme ulikatika. Nilikudanganya, mwanangu. Umeme ulikuwapo mtaa mzima, hata jirani alikuwa akipiga pasi. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha siku nane.

Kompyuta ndiyo iliyokuwa ikizimika. Ulinitumia vipande vyake kimoja kimoja kwenye masanduku ya wasafiri, ili nimwone mtoto kwenye kioo kikubwa, maana kwenye simu macho yangu humwona kama punje ya mchele. Nami nikajigamba kuwa nitaiunga peke yangu, mimi niliyefungua na kufunga mashine za ofisi miaka ishirini na sita. Nikaiunga kweli, nikifuata michoro yako. Nikabonyeza. Feni ikazunguka, taa ikawaka, nikahesabu hadi tisa, ikazimika. Nikabonyeza tena, ikafika tisa tena.

Wiki nzima kabla ya ubatizo nilihangaika nayo. Nilibadilisha waya, nikaihamishia kwenye soketi ya chumba chako, nikachomoa vipande na kuvirudisha. Wapi! Jumapili ilipofika nilivaa kitenge cha sherehe, kile cha ndege, nikaketi mbele yake nikibonyeza na kubonyeza, huku mtoto akimwagiwa maji bila mimi. Nililia, sikufichi. Upweke wa nyumba hii nimeuzoea, lakini siku ile ulinielemea. Kisha nikapika bukari, ugali wetu, wa mtu mmoja, nikala.

Juzi Jumamosi nilimeza kiburi, nikamwita Willy anayetengeneza simu na redio sokoni. Aliiwasha, akaigusa, akafungua skrubu za feni inayopoza ule ubongo wa mashine. Chini ya bati la feni kulikuwa na plastiki nyembamba inayong'aa.

"Eh, maman! Plastique iko huku chini, njo maana inapata joto na kuzima. Juu ya nini haukuitosha, haukuivua?"

"Minye niliona ni kitu ya mupya," nikamjibu.

Alicheka hadi akaketi sakafuni. Lakini wewe unaijua nyumba yetu. Ni nani hapa amewahi kuvua plastiki ya kitu kipya? Rimoti ya televisheni imo ndani ya plastiki yake, saa ya ukutani vilevile. Kitunze kikutunze, alikuwa akisema marehemu bibi yako. Willy akaivua, akarudisha feni. Nikahesabu hadi tisa, nikaendelea hadi mia mbili, bado inawaka. Basi Jumapili baada ya misa nipigie, na mtoto mvalisheni tena lile gauni jeupe.

Willy alipoondoka nikalitazama kochi ulilolinunua kwa mshahara wako wa kwanza. Miaka sita lilikuwa ndani ya plastiki, nami nakaa kwenye kiti cha mbao, ili siku utakayorudi ulikute jipya. Nimeichana yote. Sasa jioni naketi hapo. Ukija utakuta upande mmoja umebonyea, ndio wangu. Upande wa pili utaukuta mpya.

Msalimie sana Sephora. Hadassa na Carmen, dada zako wa Kambove, wanakusalimu pia. Mungu awafunike kwa mkono wake, nyote watatu.

Akupendaye, hata umeme ukikatika kweli,
Shangazi yako aliyekulea, Tantine Émilienne