Fungu Nililokutajia Ukiwa Kaburini

Fundi,

Shikamoo. Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini ya kwako naijua, nilikuwepo Misima walipokufukia. Basi nakueleza ya kwangu, nayo si nzuri. Mchezo wetu wa hadithi umenishinda. Wale watu wako watatu wametawanyika, na aliyewatawanya ni mimi, Tatu, uliyenifundisha kushika mkasi ukaona ninafaa kushika na dadu.

Nina hasira na wewe pia. Nitafika huko.

Duka liko palepale Mkata, mabasi bado yanatupigia honi mlangoni. Sare za shule ulizoacha umezikata nimezimaliza zote, ila ile ya mtoto wa mwalimu niliishona vibaya kwapani, nikaifumua mara mbili. Watu wakiingia wanauliza, "Fundi yupo?" halafu wanakumbuka, wanaanza kunisalimia upya kwa sauti ya msibani. Mwanzoni nilikuwa naumia. Siku hizi nawachukia kidogo, Mungu anisamehe.

Tulisubiri arobaini yako ipite. Zaina ndiye aliyesema turudi kucheza. Alisimama mlangoni na beseni lake la machungwa kichwani, akasema, "Jumapili tukae, la sivyo tutasahauliana." Tukakaa. Salehe alikuja na bodaboda, Elia akapanda basi kutoka Korogwe kama kawaida yake, na mimi nikachukua kazi yako ya kusimulia na kuamua, kwa sababu ulishasema siku ukiumwa Tatu aendeshe mchezo. Si ulisema ukiumwa? Hukusema ukifa.

Nilichora ramani kwa chaki juu ya meza ya kukatia, kama ulivyokuwa ukifanya. Nikawaambia wako wapi, wanaona nini, nani anawafukuza. Wao wakasema wanafanya nini, dadu ikaamua kama wameweza. Baadaye Elia akacheka ile sauti yake ya kupaliwa, nikajua hadithi imewashika. Waliingia pangoni, wakamshinda yule nyoka uliyetuachia kiporo, wakatoka na mali tele. Mpaka hapo ungenipongeza, nina hakika.

Ikabaki kugawa.

Unajua tulivyopenda kugawa kuliko hata kupigana. Vifungo vya shati ndiyo fedha, vya koti ndiyo dhahabu, na vikaratasi vyenye majina ya silaha, wanyama na vitu vingine. Tunapanga mafungu mezani kama nyama ya ng'ombe aliyechangiwa kijijini, wewe unatupa mgongo, mmoja anagusa fungu na kuuliza, "Hili la nani?" nawe unataja jina bila kuona. "Mgongo wangu huu hapa, nisemeni mkitaka," ndivyo ulivyozoea kututania. Na ulikataza kabisa kurudia kutaja, hata siku ile Salehe alipopata filimbi akabaki anameza mate kama mtoto. Ndiyo maana miaka minne hatukugombana. Utagombanaje na mgongo?

Basi mimi nikapanga mafungu manne. Manne, Fundi! Mkono umezoea: Salehe, Zaina, Elia, Tatu. Nilisahau kwamba sasa sichezi, ninaendesha. Nikageukia mlangoni. Zaina akagusa la kwanza, nikasema la Elia. La pili, nikasema la Salehe. La tatu, la Zaina mwenyewe. Akauliza tena, "Na hili la nani?" Nikawa namtafuta kichwani huyo mtu wa nne, mdomo ukamwona kabla yangu. Nikasema, "La Fundi."

Hakuna aliyecheka. Nikageuka, na fungu lenyewe ndilo lenye ufunguo wa ngome, ule tulioutafuta tangu mwaka juzi. Bila ufunguo ule hadithi yetu haiendi popote.

Salehe akasema tugawe upya. Zaina akasema cha marehemu hakiguswi, na jina limeshatajwa. "Jamani, hivi si ni vifungo tu?" Salehe akauliza. Zaina akamwambia kama ni vifungo tu aende dukani akanunue vyake, kisha akaanza kulia. Elia alijaribu kueleza kwamba nimekosea kupanga, basi, hakuna la ziada. Alipoona hasikilizwi akavaa kofia yake akaenda kusubiri basi. Na mimi? Wewe ungesema neno. Mimi nilisimama na dadu mkononi kama mtu aliyekamatwa nazo.

Jumapili tatu zimepita. Zaina akipita mbele ya duka anatazama ng'ambo ya barabara. Fungu lako liko palepale mwisho wa meza, nakata vitambaa nikilizunguka.

Sasa hiyo hasira.

Tangu uondoke sikuwahi kukaa kwenye kiti chako. Alhamisi mkanda wa cherehani yangu ulikatika, kuna gauni la harusi linangojewa, nikahamia kwenye cherehani yako. Nikainua uso nitunge uzi, na meza yote ya kukatia nikaiona iko ndani ya kioo cha wateja. Yote, Fundi. Mkasi, chaki, fungu lako, hata matundu ya vifungo ningeweza kuyahesabu. Na wewe ukitupa mgongo ulikuwa ukigeukia hapohapo! Ulikuwa ukijifanya unasafisha bobini ya cherehani. Sisi tumeinamia mali mezani, nani aangalie kioo?

Nilikaa pale na uzi mdomoni. Mambo yakaanza kunirudia. Salehe alipata ngao kubwa wiki ile tajiri wake alipomnyang'anya pikipiki. Elia alipata nyumba yenye bustani Jumapili aliyotuambia kwamba kule kambini kwenye mkonge wameambiwa wahame. Na Zaina, alipotoka kumzika mwanawe, alipata farasi mweupe, akaikunja ile karatasi akaiweka kifuani. Tukasema bahati imemwonea huruma. Bahati gani! Ni wewe.

Ulitudanganya miaka minne. Na mimi nilikuwa namwapia kila mtu kwamba hakuna mwenye haki kama Fundi. Halafu mimi ambaye kweli sikuona, mimi ambaye sikuiba hata kifungo kimoja, nimewavunja watu kwa alasiri moja. Sasa haki ni ipi? Nijibu basi. Ulikuwa na jibu la kila kitu ulipokuwa hai, hata nisipokuuliza.

Kuna lingine, na hili silisemi kwa mtu. Kamba. Kijiko. Mshumaa nusu. Hayo ndiyo mafungu yangu. Sikupata kubwa hata siku moja, nikajua sina bahati, yakaisha. Kumbe ulikuwa unaliona lile dogo, unalichagua, unasema, "La Tatu." Hata mwezi ule mama amelazwa. Siku moja ulisema, "Tatu hata nikimpa kijiko, Jumapili atakuja," wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Nimelia kwa neno hilo kuliko nilivyolia Misima. Sijui kama ulikuwa unaniamini kuliko wenzangu au ulikuwa hunioni kabisa. Ungekuwepo ningekuuliza hapohapo nimeshika pasi ya moto, na ungenijibu vizuri. Sasa nimuulize nani?

Jumapili hii wanakuja. Nimewabembeleza mmoja mmoja, Elia nimempigia simu mpaka mke wake akaniuliza mimi ni nani. Salehe anasema anakuja kuchukua daftari lake la mchezo tu, basi. Nikikosea safari hii, mchezo umekwisha, na ukiisha mimi sina pengine pa kukusikia. Huko Misima nilienda, ni udongo tu, niliongea nikaona aibu nikarudi.

Nilifikiria nikae kwenye kiti chako, niwape mgongo, nichungulie kiooni, nitaje sawasawa, kila mtu arudi nyumbani ameridhika. Ningeweza. Jana nilijaribu peke yangu. Sikuweza, Fundi. Kila nikitaka kutaja jina nauona uso wangu mle ndani, nao si uso wa mtu ninayempenda.

Kwa hiyo nakuahidi hili. Nitakaa nikiwatazama. Nitawaonyesha kioo na kuwaambia ulivyokuwa ukifanya, wakitaka kukuchukia wakuchukie, ila nitamkumbusha kila mmoja alichopewa na siku aliyopewa. Kisha ufunguo nitampa Salehe, tukiwa tunatazamana, na sababu nitaitaja: yeye ndiye anayetaka kuondoka, na mimi sitaki aondoke. Sina sababu nyingine nzuri zaidi. Huenda Zaina akanuna. Huenda wakanyanyuka wote watatu, nami nitawasindikiza mpaka kituoni, nirudi nifunge mlango.

Lakini Zaina hatakubali fungu liguswe mpaka aliyekutaja akutoe. Hapo ana haki, na mimi ndiye niliyekutaja. Nisamehe, Fundi wangu. Lala salama. Kuna maneno ambayo tangu ulipoanguka ukipiga pasi sijayatoa mdomoni, wala kwa mama, wala nikiwa peke yangu. Jumapili nitayasema kwa sauti, mbele ya watu wako: Fundi hana fungu hapa. Fundi amekufa.

Tatu