Zamu ya Mtani

Jumatatu, 9 Juni

Uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Khanga mbili safi. Sabuni. Siku ya sita, na mikono inafunga huu mfuko yenyewe. Upepo wa leo ni wa kutia vumbi mpaka kwenye meno.

Uji ni wa mama yake Nyemo. Nyemo mwenyewe analishwa kwa mpira puani. Hajafumbua macho tangu Jumanne iliyopita, vijana wawili wa pikipiki walipompiga nondo kichwani hapa Kizota, saa kumi na moja jioni, watu wakipita. Walitaka begi. Hakuliachia mpaka alipoanguka, wakaondoka nalo.

Wodini wanaingia wawili tu kwa kadi. Kadi anazishika shangazi yake aliyekuja kutoka Mvumi, na zamu anapanga yeye: mama, baba mdogo, binamu, watu wa kwaya. Mimi nimekaa na Nyemo miaka mitano, chuoni na sasa kwenye chumba cha kupanga. Rafiki hana zamu. Nikabaki kwenye benchi nimeshika vyombo. Shangazi alinishukuru kwa uvumilivu wangu. Nilitamani kuitupa ile chupa ukutani.

Jumanne, 10 Juni

Polisi alikuja na daftari. Aliniuliza mimi kwa kuwa mama analia tu. Begi lilikuwa na nini? Nikasema simu na pochi.

Sikusema yote. Ndani mlikuwa na vyeti vyangu. Cha kidato cha nne, cha sita, cha chuo, vyote halisi. Nyemo alikuwa ametoka kwa wakili kugongesha muhuri nakala za maombi yangu ya kazi, kwa sababu mimi siku ile niliona uvivu kutoka. Simu angewaachia. Namjua. Alishikilia vyeti.

Nina hasira naye. Naandika hapa kwa sababu hakuna mtu wa kumwambia. Vyeti hupotea kila siku, watu wanaapa, wanaandikiwa barua, maisha yanaendelea. Nani alimwambia afe kwa ajili ya karatasi?

Jumatano, 11 Juni

Sikuingia. Aliingia mtu ambaye hata jina la Nyemo alilikosea.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi shuleni, ninakojitolea. Nimesahihisha madaftari na kuandika "vizuri" kwenye jibu lililokosewa.

Mchana daktari alitoka kuongea na mama. Kila siku wanamwita Nyemo, wanamwambia abonyeze mkono. Habonyezi. Uvimbe wa ubongo umepungua, alitakiwa awe ameanza kuitika. Kadiri anavyochelewa ndivyo matumaini yanavyopungua. Akasema tuendelee kusubiri, akaangalia saa yake.

Kusubiri ndiyo kazi pekee ninayofanya. Siiwezi.

Ijumaa, 13 Juni

Shangazi aliniuliza kabila langu. Ghafla tu, tukikunja khanga. Nikamwambia Mnyamwezi, baba ni mtu wa Tabora. Akaachia ncha yake ya khanga.

"Mnyamwezi! Na umekaa kwenye benchi siku zote hizi kama mzigo uliosahauliwa njiani?"

Akamgeukia mama. "Wifi, mtani tumemwacha nje, tunaingiza kwaya!"

Akanieleza kama mtu anayemfundisha mtoto. Wagogo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hapangiwi zamu. Kwenye msiba anafanya vituko, kwenye ugonjwa anamsema mgonjwa mpaka mgonjwa aone aibu kulala. Akanibandika kadi kiganjani.

Miaka mitano Nyemo amenitania. Mpagazi, tua mzigo. Babu zenu walipita huku na mizigo ya watu, wakaomba maji yetu. Sikumjibu hata siku moja. Niliona ni ushamba, mambo ya wazee. Alikuwa ananifinya kwa kucha hapa chini ya kidole gumba. "Jibu basi, Kabula! Natania ukuta?"

Nikaingia. Uso si wake. Upande mmoja umevimba, nywele zimenyolewa. Nikasema samahani. Nikarudia samahani mpaka muda ukaisha.

Shangazi alikuwa nyuma yangu. Nje aliniuliza, "Umeenda kumwona au kumzika?"

Jumamosi, 14 Juni

Nimejaribu mbele ya kioo. Upuuzi mtupu. Miaka yote ya shule, na sijui neno moja la kumchokoza mtu akacheka. Nimeandika utani wa aina tatu kwenye karatasi. Unasomeka kama insha.

Jumapili, 15 Juni

Saa saba mchana. Benchi limejaa watu waliotoka kanisani, wote wananong'ona. Ndani muuguzi akamwita Nyemo, akamwambia abonyeze mkono. Hakubonyeza. Shangazi akanisukuma kiunoni.

Karatasi ilikuwa mfukoni, sikuitoa. Nikamshika mkono, nikaongea kwa sauti ya darasani. Nikasema Wagogo hawa, babu zao walimtoza ushuru kila mpita njia, hata maji ya kisima waliyatoza. Leo wapita njia wawili wamewatoza wao, mara moja tu, na binti yao amenuna karibu wiki mbili. Shangazi akacheka puani. Ningeishia hapo. Sikuweza. Nikamwambia, nani alikutuma ung'ang'anie? Vyeti ni vyangu! Mpagazi ni mimi, wewe mzigo wangu uliubebea nini? Tua, Nyemo. Tua mzigo, mjinga wewe!

Nilikuwa nafoka na kulia. Muuguzi akasema dada, punguza sauti.

Nyemo akanifinya.

Si kubonyeza. Kufinya, kwa kucha, chini ya kidole gumba. Hafifu, kama mtoto anayemenya pipi. Nikamwambia muuguzi. Akajaribu yeye, hakupata kitu. Akaandika neno moja kwenye faili na kulifunga. Nilitaka kumpokonya kalamu.

Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote.

"Kumbe vilikuwa vyako," akasema.

Nikasema ndiyo, mama. Akanipa chupa nikaioshe.

Jumatatu, 16 Juni

Kwa polisi, kurekebisha maelezo. Aliandika "vyeti vitatu" polepole, akauliza kwa nini sikusema mwanzoni. Hakuna aliyekamatwa. Nimeuliza mara mbili, nimejibiwa mara mbili kwamba upelelezi unaendelea.

Jumatano, 18 Juni

Jana alinifinya mara mbili. Ya pili muuguzi aliiona kwa macho yake, akamwita daktari. Daktari haahidi kitu, lakini leo hakuangalia saa.

Mchana, kabla hatujaitwa, mama alimimina uji kwenye kifuniko, akanipa mimi kwanza. Ulikuwa umepoa. Nimeumaliza.

Kadi sasa napewa bila kuomba. Nikamwambia Nyemo wapagazi wamefika, wana kiu, na wamesikia hapa maji yanauzwa. Hakufinya. Jicho la kulia lilifunguka kidogo, likafumba. Nikasubiri.

"Mwache," shangazi akasema. "Anatafuta la kukujibu."

Mimi nilimkalia kimya miaka mitano. Nikauacha mkono wangu palepale, kidole gumba juu, mpaka muda ukaisha.