Wifi, Kiti Nimekiacha Nyumbani

Mpendwa wifi yangu,

Mungu akurehemu huko uliko, lakini niache nikucheke kwanza. Unakumbuka siku uliporudi kutoka Arusha kwa yule tabibu wa Ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, na kifuko chako cha mbegu za uwatu? Ulinikuta naswali kwenye kiti. Ulisubiri nimalize, ukasema, "Wifi, mimi ni mkubwa kwako, mbona wewe ndiye unaswali kama bibi?" Nilinuna siku nzima. Ulikuwa umegusa penyewe. Unene ulikuwa umenimaliza magoti, na hakuna kilichoniuma kama kushindwa kusujudu chini.

Ukanihamia jikoni. Asubuhi maji ya uwatu, mchana nile nishibe, jioni supu ya choroko yenye tangawizi na bizari, basi. Kulala mchana marufuku. Vidonge vya presha hukutaka niviache: "Hivyo ni vya daktari. Mimi nashughulika na sufuria." Halafu tunashika njia ya Gehandu kwa miguu, mimi nahema, wewe unapiga umbea mpaka nasahau magoti.

Nilipoanza kupungua, Katesh nzima ilinihurumia. Jirani alileta maziwa, akaninong'oneza akiuliza kama nimeshapima damu. Kaka yako ndiye alichukia hasa. "Mke wangu akikonda, watu watasema duka limefilisika." Ukamjibu mbele ya wateja, "Basi nenepa wewe, kaka, ulitangaze." Nilicheka mpaka nikakalia gunia la sukari.

Ukaondoka kabla hatujamaliza kazi. Baada ya kukuzika sikutaka hata kuiona ile njia. Nilikaa ndani, nikala, nikalia, uzito ukaanza kurudi. Asubuhi moja nikamkuta kaka yako, huyohuyo, ameshachuja maji ya uwatu na kuvaa viatu. "Twende," akasema. Hajui umbea hata kidogo, lakini tunatembea.

Sikukuu hii ya Idi tumeswali uwanjani. Niliinama taratibu, magoti yakalalamika kidogo, paji la uso likagusa chini. Wifi, nilijisikia raha sijui nikwambieje. Nilikuwa nimepanga kumwomba Mungu mambo mengi siku hiyo, afya, watoto, biashara. Yote yalinitoka, nikakuombea wewe tu. Nilipoinuka, mwenyewe, bila kushikwa mkono, imamu na watu wote walikuwa wameshatangulia kusimama.

Nakupenda, na nakushukuru.

Wifi yako, mke wa kaka yako