Siku Mama Aliposoma Ukurasa wa Pili

Jumapili. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ukungu umefunika migomba yote ya Kawetele, na mimi nina furaha kiasi kwamba nimekula viazi visivyo na chumvi na sikugundua mpaka sahani ilipokwisha.

Mama amesoma somo kanisani leo. Kurasa mbili nzima.

Mama alikuwa mwalimu, na kwa miaka mingi ndiye aliyesoma somo la Jumapili katika usharika wetu. Presha ya macho ikamnyang'anya kazi hiyo. Hakulalamika, ila nilikuwa naona anavyokunja mikono mtu mwingine akisimama kusoma. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, naifanyia hapa hapa nyumbani. Basi nikamtengenezea mashine: kompyuta ndogo inayoenea kiganjani, kamera, betri na kisikilizi kimoja cha sikioni. Kamera inapiga picha ukurasa, chipu inatambua maneno, sauti inamsomea taratibu, naye anatamka.

Ukurasa wa kwanza ilisoma vizuri. Lakini ikipumzika kidogo, ukifungua wa pili, ilikuwa inaganda kabisa.

Wiki mbili nililaumu kamera. Halafu, naona aibu kuandika, nikamlaumu mama. Nilimwambia kwa ukali aache kushikashika waya. Aliiondoa mikono, akaikunja mapajani. Nimeshamwomba radhi, lakini ile mikono yake bado naikumbuka.

Aliyenifumbua macho ni Fundi Hamisi, anayetengeneza redio pale Bulyaga, mjukuu wa watu waliokuja kutoka pwani. Hajawahi kuandika mstari hata mmoja wa programu. Aliweka ncha za mita yake ya kupimia umeme kwenye ubao wa vifaa ndani ya mashine, akaniambia niamshe mashine, akacheka.

"Dada Atu, umeme wenyewe haujafika hapa. Unamtuma mtu kazini hata hajaamka!"

Ndivyo ilivyokuwa. Chipu ile imegawanywa kanda za umeme. Sehemu inayotambua maneno ina kanda yake, na kanda hiyo inalishwa na regulata, kidude kinachotoa volti zinazotakiwa. Kazi ikiisha, kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huzima vyote viwili ili betri idumu. Kazi ikirudi, draiva ya kanda, yaani programu ndogo inayoiendesha, ilikuwa inafungua kanda kwanza, wakati regulata ilikuwa inasubiri kuwashwa baadaye na draiva nyingine. Kerneli inagusa mahali pasipo na umeme, na chipu nzima inakwama.

Kwanza nilifanya uvivu. Nikaacha regulata iwake muda wote. Betri ikachemka, ikaisha hata mahubiri hayajaanza.

Ndipo nikakaa chini nikafanya kazi ya kweli. Nikaipa draiva ya kanda jukumu lote: washa regulata, ngoja volti zitulie, kisha fungua kanda. Wakati wa kuzima, kinyume chake. Kwa kuwa chipu hiyo inatumiwa na watu wengi, nikatuma marekebisho kwa wanaotunza sehemu ile ya kerneli. Mmoja wao, ambaye sijawahi kumwona, akanijibu kwa swali moja: kanda ikikataa kuwaka, nani ataizima regulata?

Nilinuna nusu siku. Kisha nikafungua msimbo wangu na kuona yuko sahihi. Nilikuwa nimewasha kitu bila kufikiria mambo yakiharibika katikati. Nikaongeza mistari minne. Ijumaa wakayakubali, na nikaruka jikoni mpaka mama akauliza kama nimeona nyoka.

Lakini bado ilibaki Jumapili.

Leo mama amesimama mbele na kusoma ukurasa wa kwanza bila kutetereka. Hapo hapo mvua ikaongezeka. Bati la kanisa likapiga kelele hata mchungaji akamwomba asubiri kidogo, na kwaya ikaimba. Nami nikiwa benchi la tatu nikajua: mashine inalala sasa. Regulata imezimwa. Kanda imefungwa.

Mvua ikapungua. Mama akapapasa ukurasa, akaufungua wa pili, akainua uso.

Nilianza kuhesabu moyoni, na kabla sijafika tatu sauti ya mama ikatoka, ile sauti ya darasani inayofika hadi benchi la nyuma. Akasoma mpaka neno la mwisho. Akina mama wakapiga vigelegele, nami nikalia waziwazi bila hata kutafuta kitambaa.

Nje, chini ya mwavuli mmoja, akanishika mkono.

"Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana. Ila hicho kidude chako kinaruka nukta."

"Sasa ulifanyaje, mama?"

"Nilikisahihisha palepale. Mimi ni mwalimu!"

Ameshapangiwa somo lingine mwezi ujao. Saa hizi yuko sebuleni na kitabu cha hadithi alichokuwa akifundishia, kisikilizi sikioni, anacheka peke yake mahali ambapo mimi sijui pana kichekesho gani. Leo sigusi tena mstari wowote wa programu. Nafunga kompyuta, naenda kumwomba anisomee.