Ng'ombe Wenye Hereni za Manjano

Mashuuru,
Kajiado.
Jumanne, 7 Oktoba 2025

Mpendwa mdogo wangu Lorna,

Takwenya! Najua umeitikia "Iko" kwa sauti na wenzako wa huko Doha wamegeuka kukuangalia. Waache waangalie. Habari ya afya yako? Habari ya kazi, na ya lile joto lenu? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepona, au unanificha kama kawaida yako?

Sisi miili ni mizima. Mama bado yuko Kware, Rongai, kwa kaka Saruni, anatibiwa goti, na analalamika kwamba huko huwezi kutema mate bila kumpata mpangaji wa mtu. Goti linapona. Mdomo haukuwahi kuugua.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Caroline, binti ya Masila mwenye duka, anayerudi huko Jumamosi. Utajiuliza kwa nini nimeandika na simu iko. Kwa simu ningelia, nawe ungelia, na salio lingeisha kabla sijasema neno. Tena shemeji yako Parmuat huwa karibu nikipiga, na mengine ya hapa ni kati yake na mimi.

Lorna, mvua imetukosa misimu miwili. Wewe unaijua Mashuuru ya ukame, vumbi mpaka ndani ya chai. Zamani tungehamia upande wa Kitengela, lakini siku hizi huko ng'ombe akiinua kichwa anaona geti. Imebaki milima ya Chyulu, na majirani wengi walienda tangu Julai.

Sisi hatukwenda, na kosa ni langu. Unakumbuka nilikwambia mwezi wa tatu juu ya ruzuku ya wafugaji? Serikali ingempa kila mfugaji pesa ya nyasi na dawa kulingana na ng'ombe aliosajili. Mimi ndiye katibu wa kikundi chetu cha akina mama, kwa hiyo fomu za watu ishirini na wawili nilizijaza kwa mkono huu. Ng'ombe waliosajiliwa walivalishwa hereni za manjano masikioni, na sharti likawa kwamba mwenye hereni asiuzwe wala asihamishwe mpaka pesa itoke. Tuliambiwa ni wiki sita. Mimi ndiye niliyemwambia Parmuat tungoje.

Miezi saba imepita. Kila nikienda ofisini Kajiado naambiwa iko njiani. Mara mtambo umekwama, mara mwenye kutia saini amesafiri, mara orodha yetu imechanganywa na ya watu wengine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na ng'ombe ana manne.

Lakini kuna jambo linaloniuma kuliko hilo. Siku ya kuvalisha hereni, Bwana Wamalwa, afisa wa mifugo, alimuuliza shemeji yako ana ng'ombe wangapi. Unamjua Parmuat. Jioni wakiingia bomani anawatazama tu, na kama mmoja hayupo anajua ni nani na amebaki wapi. Kuwahesabu hawahesabu, anasema ni kuita hasara. Akamjibu, "Ni hao unaona." Wamalwa akauliza tena, kalamu mkononi. "Ni hao unaona, bwana." Fomu haikuwa na nafasi ya jibu kama hilo. Nikaogopa tutaachwa. Nikazunguka nyuma ya boma, nikawahesabu kwa kidole mmoja mmoja kama mahindi, nikaja kumnong'oneza Wamalwa: kumi na tisa. Parmuat alisikia.

Leo hawako kumi na tisa. Wiki jana yule mweupe alianguka pale pale mlangoni, hereni yake sikioni. Parmuat alinitazama, akaenda kutafuta kisu. Afadhali angenigombeza. Najiambia kuhesabu hakuui ng'ombe, njaa ndiyo inayoua, na kanisani naamini hivyo kabisa. Nikirudi bomani siamini sana.

Gakuru wa Kitengela alikuwa akituletea marobota ya nyasi kwa ahadi ya hiyo ruzuku. Sasa amesimamisha. Simlaumu, hata yeye ana watoto, na amengoja kuliko ninavyoweza kumngoja mtu.

Basi sikia ombi langu. Ng'ombe wako Mugie hana hereni. Siku ile nilimpeleka kwa mama mkwe kabla Wamalwa hajafika, kwa sababu yule si wangu wa kumhesabu. Kwa hiyo katika boma lote ni yeye peke yake ninayeweza kumuuza bila kuvunja sharti. Akiuzwa, wengine watapata nyasi za mwezi mmoja, na labda pesa itatoka. Najua baba alikupa akiwa ndama, siku uliyomaliza shule, na ndicho kitu pekee chake ulicho nacho. Naona aibu kukuandikia haya. Nijibu kupitia kwa Saruni, na ukikataa sitanuna.

Alhamisi, 9 Oktoba

Barua sikuwa nimeifunga, na heri. Juzi usiku Parmuat aliniuliza naandika nini kirefu hivyo. Nikamsomea yote, hata yale yanayomhusu. Halafu akasema, "Hiyo maneno ya Mugie, futa. Ng'ombe ya kupewa na baba haiuzwi ndio zingine zingoje serikali. Tunaenda Chyulu." Nikamkumbusha kwamba tukihama tunaipoteza ruzuku. Akaniuliza, "Ruzuku iko wapi? Nionyeshe mahali imelala."

Sijafuta, kama unavyoona. Nataka ujue nilifikia wapi.

Leo alfajiri wameondoka kwenda Chyulu. Mugie yuko mbele, maana ndiye mwenye nguvu, na wengine wanamfuata. Walipokuwa wakitoka nikageuza uso nisije nikawahesabu bila kutaka.

Saa nne simu ikalia ujumbe. Nilidhani ni pesa, nikaiangusha kwa haraka. Kumbe Jumatatu maafisa wanarudi kuhakiki upya, na kila ng'ombe mwenye hereni apatikane nyumbani, asiyepatikana jina la mwenyewe litakatwa. Nikavaa viatu nikawafuate niwarudishe. Nilifika mpaka kwenye lile korongo, nikaona kwato zao kwenye mchanga, na mahali mmoja alipoanguka akainuliwa. Akirudishwa huyo hafiki Jumatatu. Nikageuka nikarudi nyumbani.

Wenzangu wa kikundi huenda wakalipwa, na nitawapelekea maafisa majina yao kwa moyo mweupe. Karibu mweupe. Wewe usitume pesa, najua mkono wako ulivyo mwepesi. Tuombee tu. Ni siku tatu za njia, na maji yako mahali pamoja, kama bado yako. Moyo wangu hautatulia mpaka Parmuat apate mahali penye mtandao.

Mama anakusalimu, na Saruni, na mkewe Cate aliyepokea kitenge chako na kukataa kukivua. Mama mkwe anasema ukija uje na mume, hata kama ni wa kuazima. Enkai akutangulie unapotoka na akungoje unaporudi.

Na Jumatatu unikumbuke. Bwana Wamalwa akija na fomu yake akaniuliza wako wangapi, nitamfungulia boma tupu, nimwambie ni hao unaona.

Ni mimi dada yako anayekupenda,
Naisenya