Bangili za Kinanda

Mama,

Eda yangu imekwisha leo asubuhi. Wakwe zangu wamenifukiza udi, wameniletea bangili zangu kwenye sinia, na sasa wamekaa sebuleni wakinisubiri ninyooshe mkono. Nimewaambia wanipe nafasi kidogo. Nimeingia chumbani kukuandikia, ingawa hakuna wa kuipeleka barua hii huko uliko.

Unakumbuka kilivyofika kile kinanda? Baba alikwenda Kizingo kununua kitanda na viti vya Mzungu aliyekuwa akirudi kwao, akarudi kwetu Kuze na hamali wanne na piano ambayo hakuna mwengine aliyeitaka. Aliweka majora ya nguo juu yake. Wewe ukayaondoa moja moja, ukatia miguu yake kwenye makopo ya mafuta ya taa, mchwa wasipande.

Mwalimu wako alikuwa bibi wa Kigoa, mke wa fundi cherehani. Alikufundisha nyimbo za dansi zilizokuja na mabaharia: mkono wa kushoto unatembea, wa kulia unachelewa makusudi. Ulikanyaga kanyagio kwa mguu mtupu. Madirisha yalifungwa, na ndani kulikuwa na mwanga wa kijani, kama tumekaa chini ya maji.

"Mama, vua bangili," mwalimu alikwambia siku ya kwanza. "Kinanda si sokoni."

Ukavua. Ukapiga sawasawa, kila sauti mahali pake, na mwalimu mwenyewe akapiga mwayo.

"Haya, zirudishe."

Ukazivaa, na kila mkono ulipotua, bangili zilifuata nyuma yake zikagonga ukingo wa mbao. Ulizingoja, kisha ukaendelea. Baba aliuliza kutoka dukani chini, "Huo ni muziki, au sahani zaanguka?" Lakini saa hiyo hakupokea mteja mpaka umalize.

Baba alipofariki ulizivua ukakaa eda, na kinanda kikafunikwa shuka. Eda ilipokwisha shangazi walikuja na sinia kama hili la leo. Ulikataa. "Alinivisha yeye," ulisema. "Mimi siwezi kujivisha."

Kisha Ami, ndugu yake Baba, akaja kukitazama kinanda. Alikuwa na mtu wa kukichukua. "Shemeji, kisipopigwa hicho ni kabati," alisema, akakaa mlangoni kungoja jibu lako.

Uliondoa shuka ukaketi. Ulianza ule wimbo wa mabaharia, ukasimama. Ukaanza tena, ukasimama pale pale. Mkono ulikuwa ukingoja mlio ambao haupo. Nilidhani umesahau.

"Njoo hapa, mwanangu."

Ukanivisha bangili zote. Zilipanda mpaka kwenye kiwiko.

"Kaa kuliani kwangu. Usiguse kitu. Nikingoja, tikisa."

Nilitikisa baada ya wakati wake.

"Nimechelewa, Mama."

"Chelewa vivyo hivyo," ulisema, ukacheka. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu tumzike Baba. Wimbo ukafika mwisho.

Ami aliinuka akavaa viatu. "Basi. Yule mtu atatafuta kabati kwengine."

Hukuzichukua tena. Ulinifundisha nikiwa nazo mkononi, na kila mwaka zikashuka kidogo, mpaka zikakaa kwenye kifundo cha mkono. Msimu wa kusi, meno ya kinanda yalipovimba kwa unyevu yakagoma kuinuka, uliweka jiko la makaa karibu, tukakaa tukisikiliza mbao zikikauka. Mimi huota chumba kile. Katika ndoto hakuna anayepiga. Kuna joto la makaa, na bega lako.

Siku hizi muziki wa namna hiyo unaitwa jazi. Mtoto wa jirani ana gramafoni, na juzi alinieleza jinsi mkono wa kulia unavyochelewa. Nilimsikiliza mpaka mwisho.

Wakwe zangu wanadhani nimo humu nalia. Wanadhani pia nitakataa kama ulivyokataa wewe, na nilipoamka leo nilidhani hivyo hivyo. Lakini nimezitazama vizuri zile za kwenye sinia. Hizo hakunivisha mume. Ulinivisha wewe.

Natoka sasa kunyoosha mkono. Kisha nitaketi kwenye kinanda chako, nilichokuja nacho hapa nilipoolewa, upande wa kushoto wa kiti, kama ulivyokuwa ukikaa. Madirisha nitayaacha wazi.

Lala salama, Mama.

Mwanao, wa kuliani kwako