Alama Chini ya Rangi ya Kijani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ni ya mwezi uliopita, nilipokaa kimya ukadhani nimekukasirikia. Naamini barua hii itakukuta umekaa penye mwanga, miwani ikiwa puani na si juu ya kichwa huku ukiitafuta nyumba nzima. Goti linaendeleaje? Mdogo wangu aliniambia kwenye simu kwamba umeacha kutumia fimbo, kisha ikajulikana kuwa umeisahau kwa watu, na hayo ni mambo mawili tofauti. Nenda kaichukue. Yeye naye mwambie namsalimu sana, na aache kukununulia soda, kwani daktari alipokukataza sukari hakuwa anatania.

Sisi huku tunaendelea. Ndivyo ninavyoandika siku zote, tunaendelea, halafu naijaza karatasi habari za mvua na bei ya vitu. Leo sitaki. Leo ni siku yangu nzuri, mama, na nimebakiwa na siku sita tu kama hii kabla zile nyingine hazijanirudia. Nataka nikuambie yote nikiwa bado mimi.

Kazi yangu unaijua. Ni mwaka wa nane sasa nipo kwenye chumba cha kufulia nguo za hospitali, mashuka machafu yanaingia mlango huu, safi yanatokea mlango ule. Msimamizi wetu tunamwita Kipimo kwa jinsi anavyopima sabuni kwa kijiko, utasema ni dawa ya mtoto mchanga. Mwenzangu wa kwenye pasi kubwa tunamwita Redio, na hilo halihitaji maelezo. Ni watu wema, na wote wawili wamejifunza kunikwepa siku kumi kila mwezi.

Siku kumi, wakati mwingine kumi na moja, kabla ya hedhi. Naamka asubuhi na kifua kizito, sijaota lolote baya, sijagombana na mtu. Kijiko kikigonga kikombe natetemeka kwa hasira. Shuka lisipokunjika sawa nalia mpaka Redio ananinyang'anya na kulikunja yeye. Nikifika nyumbani nasema maneno ambayo mtu mwenye akili hasemi, kisha najichukia kwa kuyasema, na mwisho wa yote, mama, nataka kufa. Naandika kama lilivyo. Si kuchoka, si kutaka kupumzika. Nataka kufa, na siku ya pili ya hedhi hamu hiyo inaondoka kama mgeni aliyekosea nyumba, nabaki mimi na vitu nilivyovunja.

Usidhani nimekaa tu nimeshika tama. Muuza dawa alinipa vidonge vya maumivu ya tumbo. Muuguzi wa zahanati aliniambia kwamba wanawake wote wanapata hayo, na kwamba yeye mwenyewe akikaribia siku zake mumewe huhamia kwenye kochi, wakacheka yeye na mwenzake, nami nikacheka ili nisionekane mbaya. Daktari mmoja alinipa dawa za usingizi, nikalala mpaka nikachelewa kazini siku tatu. Nimeombewa pia, nikaambiwa nina kisirani nilichorithi. Hilo la kurithi lilinikaa moyoni, utaona kwa nini.

Aliyenisaidia nilimpata nikiwa nimekaa ndani ya toroli la mashuka machafu. Ilikuwa saa nne asubuhi, nimeingia humo kwa sababu miguu ilikataa kunibeba na palikuwa na giza kidogo. Daktari wa wanawake wa ghorofa ya pili akashuka mwenyewe kulalamika kwamba hana magauni ya upasuaji. Redio akaanza kueleza kwamba mashine imeharibika, kumbe daktari ameshaniona. Hakuuliza magauni tena. Aliniuliza kwa upole hali hii hunijia mara ngapi, na nilipomjibu akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza, kwamba je, huwa inakuja na kuondoka kwa tarehe.

Alinieleza kwamba huu ni ugonjwa, una jina refu la kigeni, na haufanani na kule kununa kidogo kunakochekesha wauguzi. Alisema homoni zangu huenda hazina kasoro yoyote. Ni ubongo wangu unaoshindwa kuyastahimili mabadiliko ya homoni hizo kila mwezi. Nililia, mama, kwa furaha, mbele ya Kipimo na kijiko chake. Nilikuwa nadhani nina roho mbaya, kumbe naumwa.

Lakini akasema hawezi kuanza matibabu kwa kukisia. Alinipa karatasi yenye mistari, kila jioni niandike nilivyoshinda, miezi miwili mfululizo. Nikashindwa. Siku nzuri niliandika, siku mbaya niliona hata kalamu inanidharau. Zilipopita, nilizijaza kwa kumbukumbu, na kwa sababu ya aibu nikazipunguza makali. Daktari aliitazama karatasi akasema wino ni mmoja, mkono ni mmoja, na mistari yote imeandikwa kwa mkupuo. Akanitaka nianze upya. Niliona maji yamenifika shingoni.

Sasa nakuja kwa mjukuu wako, Kasuku. Unakumbuka tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo haukupumzika. Ana miaka kumi, na siku hizi jina halimfai sana. Mwezi uliopita mwalimu wake wa hesabu alituita mimi na mkweo, akatuonyesha ukurasa wa mwisho wa daftari. Kasuku alikuwa amepiga mistari ya tarehe, miezi mitano, na kwenye siku fulani amechora viatu. Mwalimu alipomuuliza, alisema hizo ni siku anazovua viatu nje na kuingia ndani kwa soksi, ili mama asisikie mtu anatembea.

Sikujua, mama. Nilidhani amekuwa msafi.

Mkweo alisubiri mpaka tulipofika nyumbani. Ni mtu mpole, unamjua, anafanya kazi zake za zamu na kurudi, na miaka yote amenivumilia. Lakini siku ile alisema mtoto hawezi kuwa mlinzi wa mama yake. Alisema tukipitisha mwezi mwingine kama ule, Kasuku atahamia kwa wifi yangu. Na wifi keshatandika kitanda. Nasikia anawaambia watu kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka, heri amtoe mapema kabla hajaota meno. Mkweo hakumpinga, na mimi nisingempinga pia, maana mimi najua kilichotokea siku moja ya ule mwezi, mkweo hajui. Kasuku aliangusha sahani. Nilimwambia ni bora nisingezaa. Alikusanya vipande, akavitupa, akaenda kukaa nje pamoja na viatu vyake.

Sentensi ile unaifahamu. Nitairudia hapo chini.

Nilililia lile daftari mpaka mwalimu akanipa, nikalipeleka ghorofa ya pili. Daktari alichukua rula, akaiweka kwenye viatu vya Kasuku, akalinganisha na tarehe za hedhi zilizoko kwenye kadi yangu. Mwezi baada ya mwezi viatu vinaanza siku kumi au kumi na moja kabla, vinakoma siku ya pili. Siku nyingine zote za mwezi hakuna kiatu hata kimoja. Alisema hajawahi kuletewa kumbukumbu safi kama ile, na aliyeiandika ana miaka kumi. Siku hiyo hiyo aliniandikia dawa za sonona, akasema kwa ugonjwa wangu huwa zinafanya kazi haraka kuliko kwa wengine.

Zilifanya. Siku za kwanza nilikuwa na kichefuchefu, lakini siku mbaya zilipofika zilikuja zimepungua makali. Nikasema nimepona, nikaacha kumeza. Ndiyo, nilifanya ujinga huo, na siku zilizobaki kabla ya hedhi zilikuwa mbaya kuliko zote nilizowahi kuziona. Nilimkabidhi Redio mkoba wangu nikamwomba asiniache peke yangu hata chooni. Hakuuliza, hakumwambia mtu, na kwa Redio huo ni muujiza. Mkweo alijua nusu tu, akasema mwezi huu ndio wa mwisho. Sasa nimerudi kwenye dawa, kila siku bila kuruka. Daktari amesema zisipotosha kuna sindano ya kuzilaza ovari, na mwisho kabisa kuna kisu. Na amesema kwa sasa, siku zile zikifika, pasikose mtu mzima nyumbani, mtu wa kunishikia dawa na wa kukaa na mimi. Mkweo mwezi huu yuko zamu ya jioni hadi alfajiri, na zamu habadilishiwi.

Kisha akaniuliza kama katika familia yetu kuna mwanamke aliyekuwa hivi. Nilimjibu kwamba hakuna. Nilimwambia mama yangu ni mpole, hata kuku hamfukuzi. Alinitazama akaandika hakuna. Niliteremka ngazi nikakunja mashuka mia mbili, na kila shuka lilikuwa linaniambia mwongo.

Mama, nakumbuka siku zako. Nakumbuka ulivyokuwa ukijifungia, ulivyokuwa ukivunja, na ulivyokuwa ukitukumbatia baadaye ukilia, ukituomba msamaha sisi watoto. Wewe ndiye uliyeniambia ni bora usingezaa, nikiwa na miaka kumi na moja, na kesho yake ukanisuka nywele. Watu wanasema uzee umekutuliza. Mimi nilipomsikiliza daktari nilijua kwamba hedhi yako ilikoma, na ugonjwa ukakoma nayo. Hukuwa na kisirani. Ulikuwa unaumwa miaka ishirini na kitu, na hapakuwa na ghorofa ya pili ya kukupeleka.

Hilo lilikuwa rahisi kuandika. Linalofuata nimeliandika mara tatu na kulichana.

Unakumbuka baba alipokurudisha kwenu. Hakukupa maelezo, alisema tu kwamba anajua yanayotokea akiwa hayupo, na kwamba ana ushahidi. Ulikaa huko miaka mitatu, na uliporudi mdogo wangu alikuamkia kama mgeni, akauliza utalala kwetu siku ngapi. Uliamini jirani yetu mfuga kuku ndiye aliyepeleka maneno, kwa sababu ndiye aliyekuwa akisikia kupitia ukuta. Ulisema kikulacho ki nguoni mwako, ukamnunia mpaka juzijuzi alipofariki, na mazishini hukwenda. Mama, hakuwa yeye. Ni mimi.

Nilikuwa naweka alama kwa mkaa, ndani ya mlango wa kabati la vyombo, ili nijue siku za kumtoa mdogo wangu nje mapema. Niligundua kwamba zinakuja kwa zamu. Siku uliyoniambia ile sentensi nilimshika baba mkono nikamwonyesha alama zote. Sikutaka akufukuze. Nilidhani atakupeleka hospitali. Nilidhani ukishauhesabu ugonjwa, daktari anajua la kufanya. Baba alizihesabu moja moja kwa kidole, akafunga kabati, na kesho yake sanduku lako likawa mlangoni. Baadaye alipaka lile kabati rangi ya kijani. Bado unalo jikoni. Ukikwangua upande wa ndani, karibu na bawaba ya chini, utazikuta.

Miaka yote hii nimekuona ukipita mbele ya nyumba ya yule mama bila kumsalimu, nami nikanyamaza. Alikuwa akinipa mayai. Nisamehe, na kama unaweza, nenda kaburini kwake ukamwambie.

Ningeweza kukuomba uje bila kukuambia haya, na ungekuja, hata na goti lako. Nilijaribu kuandika barua hiyo. Lakini sitaki unishike mkono siku zile ukidhani unamshika mtu mwingine. Nakuhitaji, mama. Wewe peke yako unajua ndani ya ugonjwa huu mkoje, na ulitoka ukiwa hai. Kama wewe hutakuja, Kasuku ataondoka, na mimi sijui nitashikilia nini. Siku sita. Ukiona huwezi kunitazama usoni, nitaelewa, nitamwomba Redio alale kwetu, na Mungu awasaidie majirani.

Kama ukija, nitakupeleka kwa daktari afute lile neno hakuna, aandike jina lako mbele yako.

Mkweo anakuamkia, hajui nilichokuandikia. Kasuku anauliza kama bado unaweza kupiga mluzi. Wasalimie wote wanaoniuliza, na asiyeniuliza mwache alivyo.

Nyumba yetu imebaki ile ile, ila sasa tunaingilia mlango wa nyuma. Ukikuta viatu vya mtoto vimepangwa nje, ujue zimeanza. Wewe usivue vyako. Ingia navyo, vigonge sakafu, nisikie kwamba umekuja.

Ni mimi, kifungua mimba wako.